Kila kioo kina mwenyewe



Leo sitazungumza nanyi juu ya bajeti, wala uchaguzi, wala bei ya kahawa, ingawa huku Kagera mtu akikaa siku tatu bila kutaja bei ya kahawa majirani humuuliza kama ana homa. Leo nataka tuzungumze juu ya kioo. Si kioo cha kujitazamia, bali kioo cha gari. Na wala si kile kikubwa cha mbele ambacho kila dereva hukifuta asubuhi, bali kile kidogo cha ubavuni, nyuma kabisa, kisichopanda wala kushuka. Mwenye gari anaweza kukaa nacho miaka kumi asijue kwamba anacho. Mimi nilijua kwamba ninacho siku kilipovunjika.

Gari langu ni Corolla ya mwaka 1986, ile yenye mgongo mrefu unaofika mpaka nyuma, ambayo watu wa mizigo huipenda. Watoto wangu huiita "Babu". Milango yake minne ina vioo vya kupandisha na kushusha, na nyuma ya mlango wa mwisho, kila upande, kuna kioo kimoja kilichokaa palepale tangu gari lilipotoka kiwandani. Kazi yake ni kuingiza mwanga mahali pa mizigo na kumwezesha dereva kuona anachokiacha nyuma.

Alfajiri moja nilitoka Bukoba mjini kwenda bandari ya Kemondo, mwendo wa kilomita 20 hivi kwenye barabara ya Muleba, kumpokea mama mkwe wangu aliyekuwa anarudi kwa meli kutoka Mwanza. Nilikuwa na binti yangu wa miaka sita, ambaye alikuwa amelilia kumwona bibi yake tangu jana yake. Walioifika Kemondo wanajua hali inavyokuwa meli inapotia nanga. Kuna ndizi zinazosubiri kupanda, kuna magodoro na mabati yanayoshuka, kuna samaki, kuna makuli, kuna mikokoteni, na kila mtu anapaza sauti kana kwamba meli itaondoka na jina lake.

Mama mkwe akashuka salama. Kwa heshima ya ukwe hakutaka kukaa mbele pamoja nami. Akaketi kiti cha nyuma na mjukuu wake. Nilikuwa ndiyo kwanza nimeingia kwenye usukani. Mara kijana mmoja akapita na mkokoteni uliosheheni nondo za kujengea. Nondo zile zilichomoza nyuma ya mkokoteni karibu mita moja na nusu, bila hata kitambaa chekundu. Akakata kona kumkwepa mama mwenye mtoto mgongoni, na ncha ya nondo moja ikagusa pembe ya kile kioo changu kidogo.

Ndugu wasikilizaji, nasema iligusa, sikusema ilipiga. Lakini kishindo kilikuwa kama cha baruti. Kufumba na kufumbua kioo chote hakikuwapo. Mahali pake palikuwa na tundu, na kiti cha nyuma kilikuwa kimejaa punje zinazong'aa kama chumvi ya mawe.

Watu wakajaa. Kijana akasimama na mikono yake kichwani. Hakuwa zaidi ya miaka kumi na minane. Hapo mimi, mtu mzima, mwandishi wa habari mwenye stashahada iliyotiwa fremu ukutani, nikasema neno moja ambalo tangu siku ile limekuwa likinirudia. Nikamwambia mbele ya umati ule: "Utalipa!"

"Nitalipa, mzee," akajibu. "Nipe siku tatu."

Mama mkwe alikuwa anakung'uta punje za kioo kwenye kitenge chake. Akasema kwa sauti ya chini, bila kunitazama: "Mwanangu, mtoto ni mzima, na mimi ni mzima. Twende nyumbani."

Sikumsikiliza. Nilimwandika kijana yule jina kwenye daftari langu, lile lile ninaloandikia habari.

Sasa kabla ya kuendelea, hebu tujiulize swali aliloniuliza binti yangu njiani: "Baba, mbona kioo hakikutukata?" Ni swali zuri, na watu wazima wengi hatujui jibu lake.

Vioo vya gari ni vya namna mbili. Kile cha mbele kimetengenezwa kwa mabamba mawili ya kioo yaliyobanwa pamoja na utando mwembamba wa plastiki katikati. Kikipigwa na jiwe hupata ufa kama utando wa buibui, lakini vipande hubaki vimeshikana. Mfaransa Édouard Bénédictus alipata hataza ya kioo cha jinsi hiyo mwaka 1909. Vioo vya pembeni na vya nyuma aghalabu ni vya namna nyingine. Hivi huchomwa mpaka kupita nyuzi 600 za joto, kisha hupulizwa hewa baridi kwa ghafla. Ngozi ya nje huganda kwanza. Ndani hupoa baadaye na kujivuta. Basi kioo kizima huwa kimejikaza, mfano wa ngozi ya ngoma iliyowambwa. Ukikipiga kwa kiganja hakitishiki. Lakini ncha kali ikikipata pembeni, nguvu yote iliyofungiwa ndani hufunguka kwa mara moja, na kioo husambaratika kuwa punje ndogo zisizo na makali ya kisu. Mfaransa mwingine, Royer de la Bastie, ndiye aliyepata hataza ya kukaza kioo mwaka 1874. Yeye alikitosa kioo cha moto ndani ya mafuta.

Kwa hiyo kile kioo kilivunjika jinsi kilivyotakiwa kuvunjika. Mwanangu alipata mchubuko mmoja kwenye kiganja, basi. Kama kingekuwa kioo cha dirisha la nyumba, leo huenda nisingekuwa mbele ya kipaza sauti hiki nikizungumza kwa utulivu.

Kando ya barabara pale Kemondo kuna fundi mmoja wa magari, mzee wa makamo. Gereji yake ni mwembe na turubai. Mama mkwe akamsalimu kwa Kihaya, "Shumalamu," naye akafuta mikono yake kabla ya kuitika. Akaziba tundu kwa nailoni nzito na gundi ya karatasi, kisha akaniambia jambo ambalo nawaomba msikilizaji na msomaji alishike.

"Ukiendesha na tundu huku nyuma," alisema, "usifunge vioo vya mbele. Gari likitembea, moshi wa ekzosi hurudi nyuma ya gari na kuvutwa ndani. Hewa ile ya sumu haina rangi wala harufu. Mtoto atasinzia, nawe utadhani amechoka."

Basi tukaenda hadi Muhutwe, tukapanda kuelekea Kamachumu, vioo vya mbele wazi, nailoni ikipiga makofi paa-paa-paa nyuma yetu, hata mazungumzo hayakuwezekana. Kwa upande wangu nilishukuru, maana sikuwa na jibu la kumpa mama mkwe kuhusu daftari lile.

Kesho yake nikaanza kutafuta kioo. Na hapo ndipo mwenye gari la zamani anapojifunza jiografia. Kutoka Bukoba hadi Dar es Salaam kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,300. Kutoka Bukoba hadi Kampala, kupitia mpaka wa Mutukula, ni kama kilomita 300. Kwa hiyo mtu wa Bukoba mwenye kuhitaji spea huanza kutazama ng'ambo ya mpaka kabla hajatazama mji mkuu wa biashara wa nchi yake. Nikapiga simu Kampala, nikapiga Mwanza, nikapiga Dar. Kila mahali waliniuliza mwaka wa gari, na nilipowatajia walicheka kidogo kabla ya kujibu.

Siku ya pili muuza vioo mmoja mjini akaniondolea shida, au ndivyo nilivyodhani. "Kioo gani hicho kinakusumbua? Lete kipimo, nitakukatia sasa hivi." Akanionyesha bamba la kioo cha milimita nne, safi, kinang'aa. Bei yake shilingi 18,000 pamoja na kukata. Siku hizi vioo bapa vinatengenezwa hapa nchini, kule Mkuranga mkoani Pwani, na ni jambo la kujivunia. Nikampa kipimo, akakata, nikakipeleka Kemondo kwa yule fundi.

Fundi akakitazama, akakigonga kwa kucha, akanirudishia.

"Hiki ni cha dirisha la nyumba."

"Najua. Kitakaa?"

"Kukaa kitakaa. Siku kitakapotoka ndipo utakapojua ulifunga nini. Hiki kikivunjika ni visu. Nani anakaa kiti cha nyuma?"

Nikamwambia ni watoto.

"Basi mimi sikifungi."

Nikajaribu kumbembeleza. Nikamwambia ni kwa muda tu, barabara siku hizi ni ya lami, sitaendesha kwa kasi, itashika tu. Yule mzee akageuka akatazama upande wa ziwa.

"Mimi ni mtu wa Kemondo," akasema. "Neno hilo la 'itashika tu' silipendi."

Hakuongeza kitu, na hakukuwa na haja. Wasikilizaji wa umri wangu mnakumbuka tarehe 21 Mei 1996, siku MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza ikiwa imepakia kupita kiasi. Mamia ya ndugu zetu walikufa. Baadhi yao walikuwa wamepandia hapo hapo Kemondo, usiku uliotangulia, na bila shaka kulikuwa na mtu aliyesema kwamba itafika tu. Ukikaa na watu wa Kemondo utaona kwamba jambo hilo hawalizungumzi ovyo, lakini linawakaa.

Nikamwuliza kwa nini basi asichukue kioo cha gari, kile kilichokazwa, kutoka gari lolote lililokufa, akakikata kwa kipimo cha langu. Akacheka. "Hicho hakikatiki, mwanangu. Ukikigusa na almasi ya kukatia, kinageuka mchanga mikononi mwako. Kioo cha gari hukatwa kwanza, hukunjwa kwanza, ndipo huchomwa. Kikishachomwa kimemaliza kukua." Akanionyesha pembe ya kioo cha upande wa pili ambacho bado kilikuwa kizima. Pana mhuri mdogo pale, herufi na alama za mtengenezaji. "Usinunue kioo kisicho na mhuri huu," alisema. "Na kama ukikikosa kabisa, nitakuwekea plastiki ngumu ing'aayo. Itapauka, itachunika, lakini haimchinji mtu."

Nikarudi mjini na kioo changu cha shilingi 18,000. Sasa ni meza ndogo ya mke wangu, ameweka juu yake chungu cha maua.

Siku ya tatu simu ya fundi ikalia. Yule kijana wa mkokoteni alikuwa amefika pale kwenye mwembe na amebeba kioo ndani ya gunia.

Sikuamini. Nilitoka mbio. Kweli, kilikuwa chenyewe: Corolla ya umri ule ule, upande ule ule, mhuri ule ule pembeni, na hata mpira wake umekizunguka. Kijana alikuwa amesimama wima kama mwanafunzi aliyeleta hesabu zilizosahihishwa. "Mzee, nimeleta. Nilikuambia siku tatu."

Nikakigeuza kwenye mwanga. Ndugu wasikilizaji, mnajua desturi tuliyonayo nchini mwetu ya kuchora namba za gari kwenye vioo na taa ili mwizi aone haya. Katika kona ya chini ya kioo kile palikuwa pamekwaruzwa kwa msasa, pamepauka kama jicho lenye mtoto wa jicho. Aliyekwaruza alikuwa na haraka. Herufi moja na tarakimu mbili zilikuwa bado zinasomeka.

Fundi aliziona. Kijana aliziona pia, maana alitazama chini.

"Umekipata wapi?" nikamwuliza.

Akanieleza. Kwa siku moja, akibahatika, hubeba mizigo minne au mitano, na kila mzigo humpa shilingi 2,000, na kutoka hizo humlipa mwenye mkokoteni. Hakuona njia ya kupata pesa za kioo kwa siku tatu. Akamwendea mtu anayemfahamu, ambaye humfahamu mtu mwingine, akapewa kioo kile kwa mkopo wa shilingi 25,000. Hakuuliza kimetoka wapi. "Ulisema nitalipa, mzee," akasema. "Na jina langu uliliandika."

Sasa niwaambieni kweli tupu, maana mazungumzo haya hayana faida kama nitajipamba. Sikukikataa kioo kile papo hapo. Nilikishika. Nilikipima kwenye tundu la gari langu, kikakaa sawasawa. Nikahesabu: wiki hiyo nilikuwa na safari ya kwenda Muleba kikazi na vinasa sauti vyangu, mvua zilikuwa zimeanza, nailoni ilikuwa imechanika mara mbili, na mtu wa Kampala alikuwa hajanirudia. Nikajiambia kwamba sikuiba mimi. Nikajiambia kwamba kioo kimeshatoka kwenye gari lake, na nikikikataa hakitarudi chenyewe. Nikajiambia hata kwamba nikikichukua namsaidia kijana. Ajabu ya akili ya binadamu ni jinsi inavyokuwa wakili hodari pale mteja wake ni tumbo lake mwenyewe.

Na haya yalinijia mimi, ambaye si mara moja nimekaa katika kiti hiki hiki nikiwalaani wezi wa vioo vya magari, nikasema ni wadudu, nikasema ni kupe. Siku ile nilifahamu jambo nililokuwa silioni. Mwizi wa kioo haibi ili akitie nyumbani kwake. Hana gari. Anaiba kwa sababu kuna mtu mstaarabu mahali fulani, mwenye gari na mwenye haraka, ambaye hatageuza kioo kwenye mwanga. Mimi nikinunua kioo hiki leo kwa 25,000, nimemlipa mtu avunje gari jingine kesho. Na magari ya zamani ndiyo yanayoumia zaidi, maana spea zake hazipatikani dukani; kwa hiyo kioo changu kipya kitakuwa cha kwanza kutazamwa na mtu mwenye gunia. Tunazungushiana kioo kimoja, kila mmoja wetu akilipa, na anayepata ni yule wa katikati.

Tena sheria haitaki porojo zangu. Kanuni ya Adhabu, sura ya 16 ya sheria zetu, inamhesabu mwenye kosa mtu anayepokea mali huku akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kwamba imeibwa. Sababu ya kuamini! Na ile kona iliyokwaruzwa ilikuwa ni nini kama si sababu?

Fundi alikuwa hajasema neno. Akachukua bisibisi yake akaanza kufungua taa ya gari jingine. Nadhani alikuwa ananipa nafasi.

Tukaenda watatu, mimi, fundi na kijana, kwa mwenyekiti wa kitongoji. Kioo kikaandikwa, kisha kikapelekwa kituo cha polisi. Mwenyekiti na fundi walimdhamini kijana kwa maneno yao kwamba ni mchapa kazi na hana sifa ya wizi. Hata hivyo aliitwa mara mbili kueleza alikokipata, naye akaeleza. Alipoteza siku mbili za kazi. Na yule mtu wa katikati aliyemkopesha sasa anamdai, na anamchukia.

Mimi nikafanya nililopaswa kufanya siku ya kwanza: nikafungua daftari, nikakata jina lake, nikamwambia kwamba sina ninachomdai. Akasema, "Asante, mzee," kwa sauti ya mtu anayefunga mlango. Kwa nini nisimwambie hivyo pale bandarini, wakati mama mkwe alipokwishaniongoza? Nondo zile zilihitaji kitambaa chekundu, ni kweli, na yeye alifanya uzembe. Uzembe wake ulivunja kioo kimoja. Ukali wangu ulimpeleka gizani kutafuta kingine.

Siku ya tisa kioo changu kikapatikana Mwanza, kwa mfanyabiashara anayevunja magari mabovu kihalali. Kilikuja kwa meli, kimefungwa ndani ya kipande cha godoro. Shilingi 90,000 pamoja na usafiri, na risiti juu yake, ikitaja gari kilikotolewa. Sikuwahi kuisoma risiti kwa furaha namna ile.

Wapo wasikilizaji watakaotaka kujua kinavyofungwa, nami nilikaa kutazama mwanzo hadi mwisho. Kwanza fundi alitoa punje zote za kioo cha zamani, siyo zilizoko kwenye kiti tu, bali na zile zilizodondoka ndani ya bodi, chini ya tundu, kwa waya na kitambaa chenye unyevu. Alisema zikiachwa huziba vijitundu vya kutolea maji, maji hutuama, na bodi huoza kutoka ndani. Kisha akakwangua kutu kwenye ukingo kwa msasa, akapaka rangi ya kuzuia kutu, akaniambia niende nikanywe chai mpaka ikauke. Haraka haraka, alisema, ndiyo mama wa kuvuja.

Baadaye akakivika kioo mpira wake, mpira mpya, maana wa zamani ulikuwa umepasuka. Akachukua kamba nyembamba yenye nguvu, akaizungusha ndani ya mfereji wa mpira ule, ncha zake mbili zikipishana chini kwa kiganja kimoja. Akapaka maji ya sabuni pande zote. Akakiweka kioo kwenye tundu kutoka nje, akaniambia nikisukume kwa viganja, taratibu, nisitumie ngumi. Yeye akaingia ndani, akashika ncha ya kamba akaanza kuivuta. Kila kamba ilipotoka, mdomo wa mpira ulipanda juu ya ukingo wa bati, kama mtoto anayevaa sweta. Akazunguka hivyo mpaka kamba yote ikawa mkononi mwake na kioo kimekaa. Hakuna nyundo iliyoinuliwa. Akamwaga ndoo mbili za maji, nami nikakaa ndani nikitafuta tone. Sikuliona.

Magari ya miaka ya baadaye mengi hayatumii mpira namna hii. Vioo vyake hugandishwa kwa gundi maalumu ambayo huhitaji muda kukauka kabla gari halijaingia barabarani. Mwenye gari la namna hiyo asikubali fundi wa gundi ya mabati. Ujira wa fundi wangu ulikuwa shilingi 15,000. Nilimwongezea, akakataa, kisha akakubali soda.

Kazi ya mwisho ikawa kuchora namba ya gari kwenye kona ya chini. Nilisimama nikaitazama namba ile ikitokea, na nikamfikiria mtu mmoja nisiyemjua, ambaye naye siku moja alilipa fundi amchoree namba yake.

Nathubutu kusema kwamba mtu huyo ndiye sababu ya mazungumzo haya. Kioo chake kipo. Kimekaa kituo cha polisi, kimeegemea ukuta, kinasubiri. Hivyo basi, kwa ruhusa ya wakubwa wangu wa kazi, nageuza dakika yangu ya mwisho kuwa tangazo. Kama wewe unayenisikiliza, au unayesoma gazetini, una Corolla ya zamani yenye mgongo mrefu, na uliibiwa kioo kisichofunguka cha nyuma upande wa kushoto, fika kituo cha polisi cha karibu na Kemondo na kadi ya gari lako. Herufi na tarakimu zilizosalia kwenye kioo sitazitaja; wewe ndiye utakayezitaja. Mpaka leo hajatokea mtu.

Wiki iliyopita nilimrudisha mama mkwe bandarini. Kijana wa mkokoteni alikuwapo. Nyuma ya nondo zake alikuwa amefunga kitambaa chekundu. Akaubeba mzigo wa mama mpaka melini, mama akamlipa, akamwombea dua. Mimi hakunitazama. Nilitaka kumsemesha, lakini foleni ilinisukuma, au nilikubali kusukumwa.

Meli inarudi tena wiki hii. Nitakwenda.

Ndugu wasikilizaji, kwa leo naishia hapa. Geuzeni vioo vyenu kwenye mwanga kabla ya kulipa. Kwaherini.